Jiwe la Kilo Moja

Kufikia Alhamisi asubuhi, Afande Rocco Lamanna alikuwa ameshawahoji watu kumi na mmoja, na aliyesalia bila kuhojiwa alikuwa yeye mwenyewe. Huyo alimkwepa kila alipomwona. Alimkwepa hata kwenye kioo cha kunyolea ndevu, ndiyo maana alitoka nyumbani na kidevu kimechanjwa mahali pawili.

Kesi yenyewe ilikuwa ndogo, wakubwa wake mjini waliicheka. Jumapili iliyopita klabu ya shabaha ya kijiji cha Cadossa ilikuwa na mashindano ya masika. Saa nane na nusu mchana, Noemi Zubani, binti wa miaka ishirini na sita anayefanya kazi kiwanda cha koki za maji, alisimama mstari wa nne, akaingiza magazini yenye risasi tano ndogo, akaachia komeo lirudi mbele. Kidole chake hakijagusa kitu, bastola ikalia. Risasi iligonga ukingo wa chuma wa meza yake, kipande kikaruka nyuma na kumwingia Ermes Facchini, mwenyekiti wa klabu na msimamizi wa uwanja, kwenye kidole gumba cha mguu. Ermes alitukana kwa dakika sita bila kurudia neno, hivyo watu wakajua hatakufa.

Sheria ya mchezo ule haina utani. Kifyatulio cha bastola lazima kibebe jiwe la kilo moja bila kuachia. Unaisimamisha bastola mtutu juu, unaning'iniza jiwe kwenye kifyatulio, unainua taratibu. Ikibeba, inabandikwa stika ya kijani. Isipobeba, inarudi nyumbani. Ile ya Noemi, Rocco alipoipima Jumapili jioni akiwa peke yake ofisini, iliachia kwenye gramu mia sita na arobaini. Jino linaloshika nyundo lilikuwa limesuguliwa mpaka limebaki jina tu.

Na ubavuni ilikuwa na stika ya kijani.

Kijiji kikapiga hesabu. Bastola ilipita meza ya kupimia saa sita kamili ikiwa salama. Saa nane na nusu imeharibika. Katikati hapo ilikuwa ndani ya sanduku lake, na ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwa Noemi. Basi nani mwingine? Kamati ingekaa siku hiyohiyo ya Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Lisipopatikana jina jingine, Noemi angenyang'anywa leseni ya shabaha, na ile nafasi yake ya kwenda kushindana Roma mwezi wa tano, aliyoipigania miaka saba, ingeyeyuka.

Hesabu ilikuwa nzuri. Kasoro yake ilikuwa moja, na kasoro hiyo ilivaa sare ya serikali.

Rocco hakuipima.

Yeye ndiye aliyekaa kwenye meza ya kupimia, kwa kujitolea, kama kila mwaka. Bastola kumi na tisa alizipima kwa haki. Zilibaki nne. Huko nje nyama ilikuwa inazunguka mbele ya moto tangu alfajiri, nguruwe na viazi kwenye vyuma virefu, siagi ikidondoka. Katika bonde lile nyama ikishashuka kwenye chuma haimsubiri hata askofu. Na Rocco, mtu wa kusini, alikuwa ameishi pale miaka kumi na minane bila kuitwa hata mara moja kwenye meza ya wazungushaji nyama. Alikula, ndiyo, lakini alikula na wageni. Jumapili ile mzee Santo Zubani, babu yake Noemi na fundi bunduki mstaafu, alichungulia mlangoni na aproni yake ya mafuta, akapiga kelele:

"Afande! Nyama inashuka! Na kiti chako tumekifuta vumbi!"

Rocco akabandika stika nne kwa pumzi moja. Tatu hazikuwa na neno. Ya nne ilikuwa ya mjukuu wa Santo, na bastola iliyotoka mikononi mwa Santo nani angethubutu kuipima?

Jumapili hiyo alijiambia atasema jioni. Jioni akasema atasema kesho. Jumatatu akaandika ripoti, na pale palipoandikwa "ilipimwa na" akatia sahihi yake, sahihi nzuri yenye mkia. Tangu hapo kunyamaza kukawa kazi ya kutwa nzima.

Sasa alikuwa na saa tisa. Akajiambia hivi: nikimpata aliyesugua jino, Noemi atapona, na mimi sitahitajika kusema kitu. Akaichukua bastola, akalitia jiwe la kilo moja mfukoni mwa koti, akaondoka na bega moja limelala.

* * *

Fundi bunduki Gigi Belleri alikuwa na karakana nyuma ya kanisa na jicho moja lililozoea kuangalia kwa kioo cha kukuzia, hata chakula alikiangalia hivyo.

"Unaniuliza habari za mwezi wa pili nilipoiuza, Afande? Bastola imepita mezani kwako Jumapili. Yangu yameshaisha."

"Nataka niijue tangu ilipozaliwa," Rocco alisema. "Nani aliichagua?"

"Mwenyewe." Gigi alifuta mikono. "Alikuja na kifundo cha mkono kimefungwa bandeji. Zile koki anazong'arisha kiwandani zimemla mkono. Alikuwa anatumia bastola ya marehemu baba yake, chuma kitupu, kilo moja na robo. Unainyoosha risasi tano za kwanza, za pili mkono unatetemeka. Nikamwekea tatu mezani. Nikamwambia fumba macho, nyoosha mkono, hesabu thelathini, fumbua. Ukifumbua ukaona macho ya bastola yamekaa sawa kwenye shabaha, hiyo ni yako. Ukaona yameangalia ukutani, mwachie mwenzio."

"Akachukua nyepesi."

"Nyepesi kuliko zote. Mwili wa alumini, mtutu wa chuma mwembamba ndani ya koti la alumini. Gramu mia nane na arobaini na mpini wa plastiki. Babu yake alipoiona akasema hiyo ni ya kuchomea sindano ng'ombe." Gigi alicheka, kisha akaona Afande hacheki. "Nyepesi ina shida yake, ukikivuta kifyatulio vibaya inayumba yote. Kwa hiyo nikakirudisha nyuma milimita sita, kwa sababu kidole chake kifupi. Nikampanulia upenyo wa jicho la nyuma. Mpini wa mti wa jozi kachonga babu mwenyewe, huo sikuugusa, nani agombane na Santo?"

"Na jino?"

Gigi akaokota bisibisi, akaichunguza kama ndiyo kwanza anaiona.

"Fungua," Rocco alisema. "Mbele yangu."

Skrubu ndogo ya kifyatulio hufunikwa tone la rangi ya kucha, isilegee, na mtu akiifungua ijulikane. Ndivyo mafundi wa bonde lile wanavyofanya, na wake zao wameshachoka kununua chupa mpya. Gigi alilikwangua tone lile kwa wembe. Juu lilikuwa la waridi, limefifia. Chini ya waridi ikatokea zambarau. Chini ya zambarau, nyekundu.

Wote wawili waliinama mpaka mapaji ya nyuso zao yakagongana.

"Nyekundu ni ya mke wangu," Gigi alisema taratibu. "Hizo za juu sizijui."

Alilitoa jino, akaliweka chini ya kioo, akalitazama kwa muda mrefu. Shingo yake ilianza kuiva wekundu kutoka chini, kama glasi inayomiminiwa mvinyo.

"Kuna michirizi ya urefu. Hiyo ni ya kinoo changu. Lilitoka kiwandani likibeba gramu elfu moja mia moja na hamsini. Nikapitisha mara moja tu, Afande. Mara moja! Bastola haiwezi kutoka hapa kama ilivyoingia, watu watasema nini? Nikaliacha elfu moja na sitini. Salama kabisa."

"Na juu yake?"

"Juu yake kuna mng'aro. Mtu kapiga kwa kitambaa na dawa ya kijani ya kung'arishia. Na juu ya mng'aro..." Akasogeza kioo karibu. "Michirizi mifupi ya kinoo kingine, imekwenda upande, imepinda. Kama mwandiko wa mtu aliyepanda gari bovu."

"Mikono mitatu," Rocco alisema.

"Lakini hiyo mingine miwili ilipitaje mezani kwako? Hivi ilivyo haibebi hata mkate!" Gigi alimtazama kwa lile jicho kubwa la kioo. "Au huyo wa mwisho alisugua wakati sisi tunakula?"

Jiwe mfukoni mwa Rocco lilikuwa limeanza kumwumiza nyonga.

"Ndiyo ninalotafuta," alisema, na hakuipenda sauti yake.

* * *

Bi Wanda Contessa, mwalimu wa Noemi, alikuwa uwanjani anafagia maganda ya risasi. Miaka sitini na tatu, bingwa wa zamani, sigara mdomoni isiyowashwa tangu daktari amkataze. Kucha zake zilikuwa ndefu mkono wa kushoto na fupi mkono wa kulia, na zote za zambarau.

Watu wawili walikuwa wameshamnong'oneza Rocco kwamba Wanda ana mpwa wake, anayefuata nyuma ya Noemi kwa pointi tatu. Noemi akitoka, mpwa anakwenda Roma. Rocco alikuwa ameikumbatia habari hiyo kama blanketi.

"Kucha nzuri, Bi Wanda."

"Miaka kumi na minane hujaniona kucha, leo umeziona. Sema shida yako."

Akamwonyesha karatasi aliyofungia vipande vya rangi. Wanda alivitazama, akaegemeza fagio ukutani, akaketi.

"Mwezi wa tatu," alisema. "Tulikuwa na mazoezi. Nikakijaribu kifyatulio chake, nikaona kinakwaruza. Gigi ni fundi mzuri lakini ana mkono wa kutengeneza jembe. Nikalipiga jino mara moja kwa kitambaa cha manyoya na dawa. Mara moja tu! Nikapima. Elfu moja na ishirini. Niliandika kwenye daftari la mazoezi, lione."

Aliliona. Ilikuwa imeandikwa, na tarehe.

"Ulimwambia Noemi?"

"Mtoto wa watu ana mambo mengi kichwani."

"Ulimwambia Gigi?"

"Ili iweje, anune?" Akaitoa ile sigara mdomoni. "Unafikiri nimemharibia kwa ajili ya mpwa wangu. Nimeshayasikia. Mpwa wangu anapiga vizuri, lakini kabla ya mashindano anatapika. Roma nzima ingetapikiwa. Noemi ndiye mtu wangu, Afande. Nimemfundisha kupumua." Akairudisha sigara mdomoni, akaitoa tena. "Siku nne silali nikiwaza, je, ni ule mpigo wangu mmoja? Halafu najijibu, Wanda, usiwe mjinga. Rocco aliipima. Rocco hana roho ya wizi wala haraka. Ingekuwa mbovu, jiwe lake lingesema."

Rocco akaangalia maganda ya risasi sakafuni, akawa kama anayahesabu.

"Unaumwa?" Wanda aliuliza. "Uso umekuwa kama jibini."

"Nina njaa."

"Kula basi. Kula hujawahi kushindwa."

Alisema kwa utani, lakini Rocco alitoka pale akitembea upesi kuliko ilivyohitajika.

* * *

Rocco alimkuta Noemi langoni mwa kiwanda, saa ya mapumziko, ameketi juu ya ukuta mfupi na mkate wake. Mkono wa kulia ulikuwa umevaa mkanda wa kitabibu. Rocco alimweleza rangi tatu. Kwenye nyekundu aliendelea kutafuna. Kwenye zambarau alitabasamu kidogo. Alipofika kwenye waridi, aliacha kutafuna.

"Waridi ni yangu," alisema.

"Wewe hupaki rangi."

"Nilipaka siku moja. Andika ni mimi, Afande. Nilisugua mimi."

"Saa ngapi?"

"Wakati mnakula."

"Kwa kutumia nini?"

Alifikiri, kidogo mno. "Tupa."

Rocco alikunja karatasi yake. Jino lile halikuguswa na tupa hata siku moja, lilipitiwa kinoo mara mbili na kitambaa mara moja. Mtu aliyekulia nyumba ya Zubani anajua tofauti ya tupa na kinoo kabla hajajua kufunga kamba za viatu, basi Noemi hakujua kilichotumika, alikuwa anakisia.

"Jumamosi bastola ilikuwa wapi, Noemi?"

"Kwenye sanduku."

"Sanduku lilikuwa wapi?"

Akatazama mkate. "Kiganja kilikuwa kimevimba. Mpini ukanibana. Ulihitaji kupunguzwa kidogo pale kwenye dole gumba."

"Na anayechonga mpini wako ni mmoja."

"Niache, Afande."

"Tangu hapo ulikivuta kifyatulio?"

"Sikukivuta. Jumapili nilifungua sanduku nikakuachia mezani, nikaichukua ikiwa na stika, nikafunga. Nilikuwa nimeshikilia pumzi, nataka risasi ya kwanza iwe ya kweli." Aliruka kutoka ukutani. "Roma ipo tangu zamani, haitahama. Wewe andika mimi. Yule akisikia ni yeye, hatashika tena kitu mkononi. Atakaa kwenye kiti pale dirishani mpaka wamchukue. Wewe ulishawahi kumwaibisha mtu mzima, Afande? Uliona anavyokuwa mdogo?"

Kengele ya kiwanda ikalia, akaingia. Rocco alibaki na ukuta. Angeweza kukubali hapo hapo. Msichana amekiri, kwa hiari yake, na ripoti ingefungwa kabla ya chai. Alisimama akiitazama nafasi hiyo kwa muda ambao baadaye hakupenda kuukumbuka.

Kisha akapanda mlima kwenda kwa Santo.

* * *

Jiriwa ya Santo Zubani, ya kubania vyuma, ilikuwa imefungwa kwenye meza ya jikoni, upande huu jiriwa, upande ule ubao wa kukandia unga, na hakuna aliyewahi kuona ajabu. Mzee alikuwa na miaka themanini na mmoja, hamsini kati ya hiyo alikuwa msugua meno ya vifyatulio katika kiwanda cha bunduki. Juu ya rafu, kati ya chumvi na kinoo, kilikuwepo kichupa cha waridi, cha marehemu mkewe Ines.

Rocco alikitazama. Santo alimwona akikitazama. Basi, mahojiano yakawa yameisha kabla hayajaanza.

"Keti," mzee alisema. "Utakunywa?"

"Sitakunywa, mzee Santo."

"Ni mimi, eh?"

"Ulipitisha mara ngapi?"

"Mara moja." Alivuta kiti, akaketi kwa vipande vipande. "Nilikuwa napunguza mpini. Nikakigusa kifyatulio, nikakiona kizito. Nikasema, mtoto ana mkono mgonjwa, nimpe zawadi. Mpito mmoja, mwepesi kama kumfuta mtoto machozi. Halafu nikapima."

"Kwa jiwe?"

Santo alicheka kwa dharau, dharau ya zamani. "Jiwe la nini? Kiwandani walikuwa wananiletea bunduki nikiwa nakunywa supu. Navuta mara moja, nasema elfu moja na ishirini. Wanakwenda kupima, elfu moja na ishirini. Kidole hiki kilikuwa mizani." Alikiinua. Kilikuwa na malengelenge meupe ya moto, makubwa, yaliyokuwa yanaanza kukauka.

"Umeungua lini?"

"Wiki iliyopita. Jiko." Alikishusha mezani taratibu, kama kitu cha kuazima. "Nilijua kwa harufu, Afande. Nikasema leo nani anachoma ngozi. Nikaangalia, ni mimi."

Nje, jirani alikuwa anawafokea kuku wake.

"Tangu majira ya baridi hakisikii kitu. Sijamwambia mtu. Noemi ndiye asijue kabisa. Jumamosi nilipovuta, nilisema ni elfu moja na kumi. Nilisema tu. Nikapaka rangi ya Ines, nikakaa hapa mpaka chakula cha usiku nikiogopa. Nikasema, Santo, huna hakika. Lakini nikasema tena, kesho Rocco atapima. Ikikataa, itarudi nyumbani, nitasema nilikosea, watanicheka, basi." Alimtazama Afande kwa macho yaliyolowa. "Halafu nikaiona stika yako. Unajua nilifanya nini? Nilikwenda nyuma ya rundo la kuni nikalia. Nilifurahi. Nikasema kidole kizima! Mizani ya Afande imekubaliana na mimi. Ndiyo maana nilikujazia sahani namna ile."

Rocco alilihamishia jiwe mfuko wa pili.

"Sasa nieleze wewe msomi," Santo alisema. "Kama ilibeba kilo saa sita, iliachia vipi saa nane? Nimelala nikiligeuza, silielewi. Na watu hawana shaka na mimi. Jana wamekuja wawili, wote wanataka vifyatulio vyao viguswe kwa ajili ya mazoezi ya Jumamosi. Nimewagusia."

"Umewagusia kwa kidole hicho?"

"Si kilipita mezani kwako?"

Rocco alisimama, akamwuliza majina yao, akapiga simu ya ukutani mle jikoni. Alimwambia Gigi majina mawili, na kwamba bastola zao azifuate sasa hivi, asile kwanza, na zisiguswe na risasi. Akamwambia na la tatu, kwamba aje na jino jipya la bastola ya Noemi.

Kisha akageuka, akamhoji yule mtu aliyemkwepa siku nne, yeye mwenyewe, hapo hapo, mbele ya mzee.

"Haikubeba saa sita, mzee Santo. Sikuipima. Niliposikia umeniita, nilibandika tu."

Mzee alikitazama kidole chake, akakikunja ndani ya ngumi, akaifunika ngumi kwa mkono wa pili. Pale kwenye kiti, jikoni kwake, alikuwa mdogo. Noemi alikuwa amesema kweli.

* * *

Saa kumi na mbili kamati ilikaa kwenye chumba cha juu ya uwanja. Ermes Facchini alikuwa amelaza mguu juu ya kiti, ndani ya kandambili ya mkewe yenye ua. Wanda alikuwepo, na Gigi, na Santo na kofia yake magotini, na Noemi karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuchukua koti lake tu.

Rocco aliweka jiwe la kilo moja katikati ya meza. Akaweka bahasha yenye jino la zamani. Akaeleza mikono mitatu kwa mpangilio, bila kupamba. Gigi alikiri kwa kichwa. Wanda alisema "ndiyo" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Santo alitaka kusimama, Noemi akamshika bega, akaketi.

"Kumbe!" Ermes alisema. "Sasa ni yupi kati yenu kaniua kidole?"

"Kila mmoja alisugua mara moja," Rocco alisema. "Na wewe ungesugua."

Ermes alifungua mdomo, akaufunga. Mwezi wa kumi na mbili, kila mtu alijua, alikuwa amesugua bastola ya shemeji yake.

"Ndiyo maana lipo jiwe. Jiwe linajua mko hivyo. Na Jumapili jiwe lilikuwa kwangu." Alikuwa ameandika maelezo kwenye karatasi, ukurasa mzima, yenye maneno kama "msongamano wa majukumu." Aliikunja. "Bastola nne za mwisho sikuzipima. Nilibandika stika. Ya Noemi ilikuwa mojawapo. Halafu nikaandika kwamba nimepima. Kesho faili linakwenda mjini, na jina langu liko mstari wa kwanza."

Noemi aliondoa mkono begani mwa babu yake.

"Siku nne, Afande," Noemi alisema.

"Siku nne."

"Uliniona kila siku. Leo mchana umeniona. Kwa nini?"

Rocco alitafuta neno la kiofisi, akakosa. "Nyama ilikuwa inashuka," alisema.

Hakuna aliyecheka. Chumba kile kilikuwa na watu wanaocheka mazishini, na hakuna aliyecheka.

"Ulikula vipande vingapi?" Ermes aliuliza hatimaye.

"Sita."

"Na ugali?"

"Niliongezewa."

Ermes aliitazama kandambili yake kwa muda. Kisha akavuta karatasi ya mashtaka ya kamati, akalikata jina la Noemi kwa mstari mmoja, akabonyeza kalamu mpaka ikatoboa.

Watu walianza kuinuka bila kutazamana. Santo alipita karibu na Rocco, kofia mkononi, akasimama. "Jumapili tunazungusha tena," alisema kwa sauti ya chini. "Kiti chako kipo." Hakukuwa na kejeli ndani yake, na Rocco angetoa mshahara wa mwaka ili iwepo. Alibaki ameangalia vifungo vya koti la mzee.

Noemi ndiye hakuondoka. Alikuja mezani, akatoa bastola yake yenye jino jipya, akafungua komeo, akaonyesha kwamba ni tupu, akaiweka mbele ya Afande.

"Pima," alisema.

Waliokuwa mlangoni wakasimama.

Rocco aliisimamisha bastola mtutu juu. Alilishika jiwe, akalining'iniza, akainua taratibu. Jiwe liliacha meza. Lilikaa hewani, likazunguka kidogo, likatulia. Kifyatulio kilibeba. Akalishusha, akavuta pumzi, akanyoosha mkono kuchukua stika.

"Tena," alisema Noemi.